Siku Tuliwasha Moshi Kabras

Nimestaafu. Najua mnacheka. Mtu wa miaka ishirini na tisa anastaafu aje, hana hata mvi moja ya kuonyesha wageni? Lakini ng'ombe wa kulima hastaafu kwa sababu ya mvi, anastaafu shingo ikichoka. Mimi bega ndiyo ilichoka, hii ya kulia, ya kubeba kamera. Mjomba ameniachia mashine ya kusaga posho huko Shianda, na mahindi haijawahi kuniambia turudie kutoka mwanzo kwa sababu haikupenda sauti yake.

Nyinyi wawili mnabaki na studio, na mmeniomba niwaandikie vile kazi ilikuwanga. Sawa. Lakini mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, nikatoka hapo na Kiswahili ya kuomba na Kiswahili ya kutukana. Hapa nitajaribu ile ya katikati.

Niliingia hii mlango mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetumwa kuleta soda. Bwana Rajabu, mwenye studio, alikuwa anajaribu kugongomelea godoro kwa ukuta, na godoro inamshinda, inamlalia kichwani. Nikaweka soda chini nikashika upande moja. Akaniuliza, "Wewe jina lako nani?" Nikamwambia watu wananiitanga Redio. "Kwa nini Redio?" Nikamwambia, "Kwa sababu hawajapata mahali pa kunizima." Alicheka mpaka godoro ikaanguka tena. Kesho yake nikarudi bila soda, na nikakaa mpaka juzi.

Rajabu alikuwa mtu wa Mumias, Mwislamu wa kofia na kanzu, mpole sana. Alikuwa anasalimia kila mtu salamaleko, hata mapadri, hata fundi wa stima. Yeye ndiye alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kusafisha kichwa ya kinasa sauti na pamba na spiriti. Alinifundisha kuning'iniza trei za mayai kwa dari ili sauti isirukeruke. Alinifundisha ya kwamba Kakamega unarekodi asubuhi, kwa sababu mchana mvua inakuja na ukibonyeza saa hiyo hujarekodi mtu, umerekodi mabati.

Na alinifundisha sheria ya kanda. Kanda za video zilikuwa shida kupata. Sisi tulikuwa tunapiga harusi, matanga, na mara moja moja kwaya. Kanda moja ilikuwa inafanya kazi mpaka picha inakuwa na theluji, zile chengachenga. Ile ambayo haina mwenyewe, tunarekodi juu yake. Mnajua kale kajino ka plastiki kako mgongoni mwa kanda, ambako ukikavunja hakuna mtu anaweza kurekodi tena? Rajabu hakukubali kavunjwe. "Ukivunja hiyo, umeua kanda," alikuwa anasema. "Kanda iko hai ikiwa inaweza kupokea kitu ingine." Nilimwambia hiyo ni maneno ya mtu anayetafuta bibi wa pili. Akanirushia kiatu.

Sasa nifike kwa Linet, kwa sababu najua ndiyo mnangoja. Kila mtu hapa mjini ananiulizanga juu ya "Funga Dirisha", kwamba yule msichana wa kwa video ni nani, anaishi wapi. Nitawaambia yote leo, mkiulizwa tena mjibu nyinyi.

Aliyetunga wimbo ni Kizito, mpiga gita. Mtu wa town, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Alikuwa ameona video za bendi za Wakongo na akaamua sisi pia tunaweza. Wimbo ulikuwa wa mwanamke anamwambia mwanaume mvua imeanza, afunge dirisha, majirani wana macho, halafu akuje karibu. Hiyo tu. Karibu ngapi, wimbo haukusema, lakini ukisikia unajua mwenyewe.

Rajabu alisoma maneno, akavua miwani. "Mimi nitaangalia mita ya sauti," akasema. "Maneno sitasikiliza."

Mwimbaji, Kizito alimtoa kwa kwaya. Linet alikuwa msichana wa Kabras, kwa watu wa miwa, baba yake Mzee Zakayo akiwa mkulima wa miwa na mzee wa kanisa. Nyumbani alisema anaenda mazoezi ya kwaya. Sio uwongo sana, kwa sababu kweli alikuwa anaimba.

Siku ya kwanza tulimweka mbele ya maikrofoni, akafungua mdomo, na sindano ya mita ikagonga ukuta. Alikuwa anaimba vile wanaimbanga kwa kwaya wakitaka Mungu asikie kutoka huko nyuma. "Njoo karibu" ikatoka kama anaita watu wa upande wa pili wa mto. Kizito akashika kichwa. "Linet, huyu mwanaume yuko kwa nyumba! Hajaenda Uganda!"

Akarudia. Mwanaume akarudi kutoka Uganda, akafika Malaba tu, kwa mpaka.

Rajabu akazima mashine. Akamletea kiti, akamuuliza pole pole, "Mama, nyumbani, ukiimba nyimbo za dunia, unaimbia wapi?"

Linet akaangalia chini. "Jikoni."

"Unaimba aje?"

"Kidogo kidogo. Baba asisikie. Yeye anakaa upande ile ingine ya ukuta na redio yake."

"Basi hapa ni jikoni," Rajabu akasema. "Unakoroga ugali, obusuma. Baba yako yuko upande ile ingine. Imba."

Tulizima taa ya chumba. Linet akafunga macho na mkono yake moja ikaanza kuzunguka pole pole, ni kama kweli anakoroga. Halafu ile sauti ikatoka. Sijui niseme aje. Ilikuwa sauti ya mtu anakunong'onezea kitu na anaogopa kukamatwa. Kizito alikosea gita. Mimi, Redio, nilinyamaza. Na Rajabu, ambaye hakuwa anasikiliza maneno, nilimwona jasho imetoka chini ya kofia.

Katikati ya wimbo mvua ikaanza, tulikuwa tumechelewa. Nikaenda kuzima, Rajabu akanishika mkono. Wimbo si ni wa mvua? Ile mvua mnasikianga pale mwisho ni mabati ya hii studio. Kitu ingine, Linet alikuwa anasema "dilisha". Rajabu alimrekebisha, "Dirisha, mama." Akasema, "Ndiyo, dilisha." Tukaacha hivyo. Leo watoto wa soko wote wanaimba "dilisha" na wanafikiri ni mtindo.

Kaseti ikaanza kuzunguka kwa hoteli na kwa salun. Kizito akasema sasa tupige video, na lazima ipigwe kwa miwa, na lazima moshi. Kwa zile video za Wakongo kulikuwa na moshi, hao watu wanatokea kwa moshi kama malaika waliokunywa. Sisi hatukuwa na mashine ya moshi. Linet akasema anajua mahali, shamba ya miwa karibu na mto, huko kwao. Siku hiyo watu wote wangekuwa matanga upande ile ingine ya kijito, kuzika mzee mmoja mkubwa. Hakuna mtu angetuona. Ilikuwa Ijumaa, kwa hivyo Rajabu alikuwa msikitini. Alinipatia kamera kwa mkono yake, akaniambia, "Isinyeshewe," basi.

Tulifika kama watu watatu wanaenda kuiba kuku. Nikasimamisha kamera kwa miguu yake mitatu. Redio kaseti nikaificha nyuma ya miwa, ndiyo Linet asikie sauti yake aifuate na mdomo. Linet akaenda kwa miwa na nguo ya nyumbani, akatoka na gauni nyekundu. Kizito akachota maji kwa mto na jerikeni akammwagia kuanzia kichwa, eti ni mvua. Maji ilikuwa baridi kama ya msitu wa Isecheno asubuhi. Linet akapiga kelele, halafu akacheka, na sisi tukacheka.

Halafu Kizito akakusanya majani makavu ya miwa, akaweka mabichi juu, akatoa kiberiti.

Mimi ni mtoto wa Shianda. Nimezaliwa kwa miwa. Najua moshi kwa miwa ni nini. Kwetu ukiona moshi kwa shamba ya mtu, huulizi ni shamba ya nani. Unakata tawi bichi na unakimbia, kwa sababu moto ya jirani ikifika jioni ni yako. Nilifungua mdomo niseme, na nikasema vile nasemanga. Nikasema, "Leo tutapata watazamaji." Wakacheka. Hiyo ndiyo shida ya mtu wa mizaha. Siku anasema ukweli, watu wanashika mbavu.

Moshi ikapanda vizuri sana, nyeupe, nzito. Nikabonyeza kamera. Linet akatoka katikati ya moshi, amelowa, macho nusu, mkono ikizunguka pole pole kama ile siku ya studio. Nimepiga bibi harusi wengi tangu hiyo siku. Sijawahi kuona kitu ingine kama hiyo kupitia hiyo kioo.

Wimbo ulikuwa umefika "majirani wana macho" wakati tulisikia mlio. Nikafikiri ni mvua. Ilikuwa miguu.

Matanga yote ilikuja. Wanaume na suti, akina mama na leso, vijana wa isukuti na ngoma zao bado shingoni, mchungaji na kola yake, wote na matawi mabichi mkononi, wanapiga kelele "Moto! Moto kwa miwa!" Huko matanga alibaki marehemu peke yake. Walitokea kwa moshi kutoka pande zote, wakapiga ile moto yetu mpaka ikawa tope. Mimi pia nilikata tawi nikapiga, ungenipata ungefikiri nilikuja nao. Kamera nikaiacha imesimama, inaendelea kula kanda.

Halafu moshi ikaisha, na Linet akabaki hapo katikati. Redio kaseti haikuwa na adabu, iliendelea kuimba huko nyuma ya miwa, njoo karibu, njoo karibu. Mama mmoja akasema, "Huyu si wa Zakayo?" Mwingine akasema, "Wa Zakayo yuko kwaya." Vijana wa isukuti wakaanza kucheka wakiangalia ile gauni vile imeshika mwili.

Mzee Zakayo akatoka katikati ya watu, mtu mrefu, mwembamba, na koti nyeusi ya matanga. Akadondosha tawi. Watu wakangoja. Mimi nilifunga jicho moja, nikingoja kofi.

Hakupiga. Hakusema kitu. Alivua koti, akamwekea Linet kwa mabega, akafunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka juu. Halafu wakaondoka, yeye mbele, msichana nyuma. Watu wakarudi kuzika.

Linet alikuja studio siku chache baadaye, na kitambaa kichwani. Kizito alianza kumwambia vile video imetoka moto. Akamkatiza. "Sauti mtumie, tayari watu wako nayo. Uso yangu mtoe."

Nilimfuata nje. "Mzee alikupiga?"

"Hapana."

"Alikutukana?"

"Redio, hajasema kitu. Tangu hiyo siku, hata neno moja juu ya hiyo maneno. Angenipiga ningejua imeisha. Alinifunika kama maiti, akaenda."

Nilitafuta mzaha, nikakosa. Hiyo ndiyo siku ningetaka mahali pa kunizima ipatikane.

Tuliangalia ile kanda na Rajabu mara moja. Linet aliimba kwa kioo, na Rajabu akasema, "Mashallah." Kizito akasema tutumie tu, Linet atajua nini. Rajabu akakataa. "Uso ni wa mwenyewe." Hivyo tukapiga ingine, hapa ndani, na pazia ya satini ya mama Rajabu, na msichana wa salun ambaye alikuwa anafungua mdomo tu. Moshi tulitumia poda ya mtoto na feni. Huyo ndiye mnamuonanga. Msichana mzuri, sina neno, lakini ukimwangalia mkono, umekaa tu. Hajui anakoroga nini.

Watu walipenda. Wimbo ulipigwa Mumias, ukapigwa Shianda, ukapigwa mpaka kwa harusi za watu wameokoka. Yule wa salun alikuwa anasimamishwa barabarani. Na Linet akaacha kuimba. Nilisikia kutoka kwa watu wa Kabras kwamba hata kanisani anakaa kiti ya nyuma, wimbo ukianza anafungua kitabu na mdomo unabaki umefungwa.

Ile kanda ya Kabras iliwekwa kwa rafu ya zile hazina mwenyewe. Harusi moja ya Matungu ikaja ghafla, hatukuwa na kanda mpya, nikanyoosha mkono nikashika ya kwanza. Hakuna mtu alinikosoa. Ndivyo tulifanyanga, na mngekuwa nyinyi mngeshika hiyo hiyo.

Miaka ikapita, si mingi. Rajabu akaanza kuugua miguu, nikawa nafungua studio peke yangu. Asubuhi moja, Mzee Zakayo akasimama kwa mlango. Nilimjua kwa koti.

"Mulembe, kijana."

"Mulembe, mzee. Karibu."

Hakukaa. Aliangalia magodoro kwa ukuta, trei za mayai, maikrofoni. "Ni hapa alikuwa anaimbia?"

"Ndiyo, mzee. Hapo umesimama."

Akasonga kidogo, kama mtu amekanyaga kaburi. "Kuna ile ya siku ya moshi," akasema. "Mlikuwa na kamera. Nataka kuona vile alikuwa anaimba kabla tufike."

Nikamwambia, "Mzee, ile siku tulikukosea."

"Mlikosea miwa," akasema. "Moshi kwa miwa ni utoto. Lakini mimi leo nimekuja kuona mtoto." Sasa akakaa. "Kijana, wewe unajua alikuwa anaimba jikoni?"

"Alituambia. Alisema anaimba pole pole usisikie, kwa sababu uko na redio."

Mzee akatabasamu na upande moja ya mdomo. "Hiyo redio nilikuwa nazima. Akianza tu, nazima. Nilikuwa nakaa kwa giza nikisikiliza, siongei, sikohoi, asijue niko, aache. Hata ile ya dirisha niliijua kabla nyinyi mrekodi."

Nilikaa kwa trei ya mayai bila kuangalia. Bahati zilikuwa tupu.

"Na ile siku," nikauliza, "kwa nini hukumwambia kitu?"

"Nimwambie nini mbele ya watu? Nilimwona amelowa, anatetemeka. Nikajua anasikia baridi. Nikamfunika. Nyumbani nikangoja aimbe, nimwambie. Hajaimba. Sasa mimi nazima redio bure. Nikasema nikipata hiyo kanda, nitaiweka aone naiangalia. Atajua."

Nilienda kwa rafu kwa sababu sikuwa na mahali ingine pa kwenda. Nilijua. Lakini mtu anaweza kujua na bado atafute. Kanda ilikuwa na karatasi ya harusi ya Matungu. Nikaiweka kwa mashine, nikapeleka mbele, bibi harusi akikimbia, keki ikikimbia, wazee wakikula pilau kwa mbio. Halafu harusi ikaisha, theluji kidogo, na chini yake ikatokea kile harusi haikufika kufuta.

Moshi inaisha. Matawi. Sauti yake inaimba kwa mbali kwa kaseti, uso yake haionekani, kuna mtu amesimama mbele. Halafu mgongo mwembamba wa mwanaume, na koti nyeusi inashuka kwa mabega ya gauni nyekundu. Kifungo, kifungo, kifungo. Wakaondoka. Kanda ikaisha.

Mzee Zakayo alikuwa ameinama karibu na kioo. "Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha. Bibi harusi akakata keki.

"Nyuma zaidi."

"Mzee, huko nyuma ni hao tu."

Aliangalia wale watu wakilishana keki muda mrefu, kwa adabu, kama ni watu anawajua. Nilimwambia achukue kanda. Akatikisa kichwa. "Hiyo yenye koti hapana. Hiyo ndiyo ameshaona."

Akanishika mkono, akaniambia nisalimie mwenye studio, akatoka kabla mvua ianze.

Nimewaachia kamera, pamba na spiriti kwa droo, na nambari ya fundi wa stima kwa ukuta. Mkitaka moshi, tumieni poda, na kama ni lazima iwe kwa miwa, mwende kwanza nyumba kwa nyumba muombe. Na hapo juu kwa kabati kuna kanda moja ya harusi ya Matungu. Siku mmekosa kanda mtaijaribu, na itakataa kurekodi. Mashine haijaharibika. Kale kajino nilikavunja mimi, saa ile mzee alipofika barabarani.